Spoki Niliyoilamba Mbele ya Wazazi

Jamani, aibu hii mpaka leo sijaizoea, na mkiniona sokoni Makere nimeinamisha kichwa, mjue sababu ni spoki ya baiskeli.

Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu mgeni wa kemia, nimetoka Tanga, sijaolewa, na shule yetu haina maabara. Mkuu wa shule akaita wazazi awaombe wafyatue matofali ya maabara, akaniambia, "Mwalimu, waonyeshe kitu cha kuwashangaza." Mimi na kiherehere changu nikasema nitawaonyesha moto unavyotaja madini: chokaa inatoa mwali mwekundu, mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, kijani, na chumvi ya mezani njano. Waya wa maabara hatuna, nikang'oa spoki kwenye baiskeli mbovu, nikazisugua zikang'aa.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Asubuhi ile nilikula embe bichi kwa chumvi pale getini (akina mama waliowahi kikao wakaniona, tukasalimiana vizuri tu), halafu kikao kimeshaanza ndipo nikagundua asidi ya kulowesha spoki ili unga unate imekwisha, nikajiambia si nalamba tu, nani ataona.

Waliona wote. Nikalamba, nikachovya kwenye chokaa, nikapeleka kwenye taa ya spiriti: njano. Nikachukua spoki nyingine, nikalamba, nikachovya kwenye mrututu: njano tupu, maana chumvi ya mdomoni mwangu ilifunika kila rangi, na mimi nilikuwa nimeshatamba kwamba moto haudanganyi. Mzee mmoja akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, mbona hata kuni zetu zinawaka hivyo hivyo." Watu wakacheka, nikataka kurudia haraka haraka, nikachanganya spoki, nikailamba ile yenye mrututu.

Mrututu ni sumu, hilo nafundisha mwenyewe. Nikatema, nikasukutua, lakini tumbo halikungoja, nikatapika pale pale, karibu na viatu vya mkuu wa shule.

Mama mmoja akanishika kiuno, akanong'ona kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia, "Mwacheni mwanangu, haya mambo ya kawaida. Asubuhi si tulimwona na embe bichi?" Nikasema jamani, ni mrututu. Akanifuta mdomo kwa khanga yake, akanijibu, "Ndiyo, mwanangu, ni mrututu."

Wazazi wakakubali kufyatua matofali, wote, bila ubishi, lakini si ya maabara, bali ya nyumba ya mwalimu, kwa sababu mtoto hawezi kuzaliwa kwenye chumba cha kupanga kinachovuja. Nikasimama kukanusha, wakaniambia nikae nisijichoshe.

Mtoto hakuja (angetoka wapi), nyumba ikaja. Nimeapa ulimi wangu hautagusa tena kifaa cha kemia, lakini kiapo hakijengi maabara. Siku za vitendo wanafunzi wangu wanapita mbele ya mlango wangu, kwa miguu, wakienda kuazima maabara ya shule ya jirani, wananiamkia kwa adabu, na mimi hujifanya nafagia.