Chakula cha Ndege

Juzi sokoni Majengo muuzaji alinisifia mbegu ya uwele: "Hii, dada, inastahimili ukame." Nikainusa. Haikuwa na harufu ya moshi, nikacheka.

Nilipokuwa mtoto, mbegu ya mama ilikaa kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga, cheusi kwa masizi. Nilikatazwa kukigusa, kwa hiyo niliamini kina nyoka. Baba aliudharau uwele, akiuita chakula cha ndege, na shamba lote akapanda mahindi.

Mwaka mmoja mvua ilianza vizuri, kisha ikakata, na mahindi yakakauka yakiwa usawa wa magoti. Iliporudi, alasiri moja baba aliinama akaingia jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona, akikohoa moshi.

"Mama Neema, ile mbegu yako ipo?"

"Ile ya ndege?" mama akauliza, huku akikiteremsha kibuyu.

Shambani mama alitangulia na jembe. Baba alimfuata akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu, kazi yetu watoto. Nikadhani ameadhibiwa, nikaangua kilio.

"Nyamaza, Neema," baba akasema, akipangusa jasho. "Mwaka huu sote ni ndege."