Kitanda cha Karibu na Mlango

Mimi nilikuwa mtu wa kushuku. Nikisikia kabati la dawa limefunguliwa, nageuka. Nikikuta sindano imewekwa mahali ambapo sikuiweka, lazima mtu aeleze. Katika wadi ya watoto pale Homa Bay waliniita askari nikiwapa kisogo, na sikujali hata kidogo, kwa sababu tangu nipewe usimamizi hakuna mtoto aliyekuwa amepewa dawa ya mwenzake.

Miaka ile baada ya uhuru, wanafunzi wa udaktari walipoanza kuletwa kwetu kwa wiki chache chache, daktari alinikabidhi kazi ya kuwafundisha kutoa dawa ya saratani. Watoto wa kandokando ya ziwa walikuwa wakiugua uvimbe wa taya, saratani inayokua upesi mpaka meno yanalegea. Dawa yake ilikuwa mpya, ya kudungwa kwenye mshipa. Ukiwahi, uvimbe unanywea kwa siku chache mpaka wewe mwenyewe huamini macho yako. Lakini ni dawa kali, jamani! Niliwaambia wanafunzi: hii inaua ugonjwa, na inaua pia ile damu inayomlinda mtoto. Ukimpa asiye na saratani, umemwachia mlango wazi kila homa inayopita. Kwa hiyo shukuni kila kitu, shukuni kila mtu. Waliandika hayo kwenye madaftari yao.

Wiki moja tulikuwa na watoto wawili wa miaka kama minne, wote shavu la kushoto limevimba. Wa kitanda cha karibu na mlango alikuwa na saratani. Aliletwa na nyanya yake kutoka Sindo. Wa kitanda cha mwisho, dirishani, alikuwa na jipu la jino tu, lenye usaha. Huyo mama yake alikuwa Msabato wa Migori, muuza nguo, mwanamke wa maneno machache.

Niliyemshuku ni nyanya. Siku za kwanza alikuwa mcheshi, akiwatania wanafunzi kwamba wamekonda mno, upepo wa ziwa utawabeba. Jumatano alasiri akabadilika ghafla. Leso kaivuta mpaka machoni, hatazami upande, kila dakika yuko nje. Nikajisemea, ahaa, huyu anataka kumtorosha mtoto ampeleke kwa mitishamba. Nilishawaona wengi wa namna hiyo. Baada ya mwezi unasikia mtoto amezikwa. Nikamwonya mlinzi wa lango asimruhusu kutoka na mtoto. Wanafunzi nao nikawaambia, "Mwangalieni sana yule. Ana lake jambo."

Alhamisi asubuhi ilikuwa zamu ya sindano ya pili. Daktari alikuwa amekwenda Migori. Tulipoingia, nyanya hayupo. Mtoto amelala kwenye kitanda cha karibu na mlango, amejikunyata, shavu limevimba, kadi inaning'inia miguuni pa kitanda. Nikajua tu, bibi anatayarisha safari. Mwanafunzi mmoja, binti mpole aliyependa kuuliza, akasema, "Sista, si tumwamshe kwanza tumuulize jina?"

"Kadi si hii hapa? Au vitanda vya Homa Bay vinatembea? Mshike mkono kabla hajaja kumbeba."

Binti alimshika mkono, na mimi nikadunga. Mtoto aliamka akalia, kama wanavyolia wote.

Nilikuwa bado nimeshikilia pamba pale nyanya alipoingia. Leso kichwani, akapita akiambaa ukuta, akaenda moja kwa moja hadi dirishani. Akaketi kwenye kitanda cha mwisho, akampakata mjukuu wake.

Niliiweka ile pamba chini. Nikamuuliza mama mmoja wa pale kati kuna nini, naye akaninong'oneza akitazama sakafu: yule mwanamume wa kitanda cha pili, aliyekuja jana alasiri kumpokea mkewe zamu ya kumlinda mtoto wao, ni mkwe. Amemwoa binti wa huyu nyanya, na kwa mila yetu mama mkwe hakai karibu na mume wa bintiye. Basi nyanya alikuwa amesogea mbali naye kadiri wadi ilivyoruhusu, na mama wa Migori akakubali kubadilishana kitanda bila kuuliza mara mbili. Watoto walihamishwa, kadi zikabaki. Wadi nzima ilijua, ila jambo la mkwe halitangazwi. Na mimi ni mzaliwa wa Karungu! Mama yangu mwenyewe hakuwahi kula chini ya paa moja na mume wangu. Niliiona leso ile, nikaona mwizi wa mtoto.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimpigia daktari simu Migori. Akasema tumtenge mtoto, tumpe penisilini, tupime damu kila siku. Kwa jipu lile na damu iliyopungua nguvu, alisema, anaweza kutuponyoka. Mwanafunzi mmoja akashauri tungoje kwanza, labda hakuna litakalotokea, ya nini kumtia mama wa watu hofu? Naona aibu kusema, lakini nilitamani kumkubalia.

Mama wa Migori alirudi na birika la maji moto. Nilimwambia yote kwa lugha yetu, bila kuzungukazunguka. Aliweka birika chini taratibu.

"Sisi hatukuficha," akasema. "Tulidhani umeona. Wewe si nyar Karungu, binti wa hapa hapa?"

Nyanya naye akaja kuniomba msamaha, eti kosa ni lake, na hapo ndipo nilipolia mbele ya wanafunzi wangu.

Mjukuu wake alipata sindano yake siku ile ile, na taya likaanza kunywea. Yule mwingine, siku ya tisa, homa ilimshika, mdomo ukajaa vidonda, akawa hawezi hata kumeza uji. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Homa ilishuka wiki ya tatu, akaomba samaki, na hatimaye akaenda kwao akitembea kwa miguu yake.

Lakini wiki zile zote mama yake hakuniruhusu kumgusa hivi hivi. Wanafunzi walimgusa, lakini mimi nikifika na dawa, anaweka kiganja kifuani pa mtoto. "Sema kwanza huyu ni nani." Nami nasema, wanafunzi wakisikiliza: jina lake, la baba yake, la babu yake, kwamba ana jipu la jino, kwamba hana saratani. Anasikiliza mpaka mwisho, ndipo anaondoa mkono.

Asubuhi moja nilikosea jina la babu. Mkono haukuondoka. Nilimpa yule binti mpole kile kikombe cha dawa, nikarudi nyuma, nikasimama na wanafunzi wengine.