Entebbe Ni Chungu Kimoja cha Sombe

Saa nne asubuhi, Kiiza, msimamizi wa uwanja wa ndege wa Kasese, anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Imeruka!"

Maana yake ndege imeondoka Entebbe. Katika kibanda cha chakula cha uwanja, Martine, mzaliwa wa Butembo ng'ambo ya mpaka, anateleka sombe, yale majani ya muhogo aliyoyatwanga tangu alfajiri.

"Entebbe iko chungu moja ya sombe," anasema. Wenye ramani husema ni maili mia na sitini hivi. Yeye hajaziona.

Kwa miaka sita hesabu yake haikumwangusha. Ndege ilikuja polepole, saa moja na robo. Sombe ikaiva, rubani akala. Wapo wanaoapa kwamba siku za ukungu marubani walifuata harufu ya chungu hicho wakatua salama. Mwandishi ameionja sombe yenyewe, hathubutu kubisha.

Mwaka huu wa 1972 imeletwa ndege mpya, inayofika kwa dakika arobaini. Mara mbili rubani ameondoka na njaa, kwani sombe isiyoiva hudhuru, na Martine haipakui.

"Mara ya tatu, mama, kibanda nampa Adong," Kiiza alimwonya. Adong ni mke wa askari wa kambini. Huuza chai na mandazi nje ya ua wa uwanja. "Si uteleke mapema tu?"

"Nipikie mutu hajatoka kwake? Kwetu iko kumuitia mukosi. Atabaki njiani!"

Basi leo ndiyo mara ya tatu. Sombe bado, na ndege inanguruma juu ya Rukoki, hapo jirani. Inatua. Rubani anashuka, anatazama saa. Kiiza anamtazama Martine. Martine anatazama moto.

"Afande rubani, kaa chini! Chai kwanza!" Ni Adong, beseni kichwani, ameshaingia bila kuitwa. Anammiminia kikombe, halafu kingine, huku akisimulia jinsi mume wake alivyompigia fisi saluti akidhani ni meja. Rubani anacheka mpaka anamwaga chai. Saa ameisahau.

Fisi anapopandishwa cheo hadithini, sombe imeiva.

"Sasa kibanda ni cha nani?" Kiiza anauliza.

"Cha sisi wawili," Adong anamjibu. "Bwana wangu akihamishwa, mimi pia nakuwa mgeni huko. Mgeni hafukuzi mgeni."

Martine mwenyewe alifika kwa miguu kupitia Bwera, mpakani, mwaka 1964, akikimbia vita. Mama yake alibaki Butembo. Leo amemuuliza rubani: kwa ndege, Butembo ni mbali gani?

"Robo saa, kama kungekuwa na ndege ya kwenda."

"Robo saa! Hata chai haichemke."

Ndege haipo. Ila Krismasi hii amepanga kwenda, kwa njia ile ile aliyojia, na chungu atamwachia Adong.

"Nikifika Bwera, nitatuma mutu wa baiskeli mbele," anasema, akifunika moto kwa majivu. "Amuambie mama ateleke. Amuambie: ameruka."