Nilizinyoosha Namba za Baba

Kosa ni langu. Sikutumwa na mtu, sikulazimishwa, wala sikuwa mtoto. Nina miaka arobaini na mbili na ni mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja hapa Morogoro. Ndiyo maana naona aibu zaidi.

Naishi Mwembesongo na baba yangu. Mama alishafariki. Baba ujanani alikuwa anaandika programu kwenye kiwanda kimoja hapa mjini, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Aliandika amri moja moja, kwa lugha ya mashine yenyewe au iliyo karibu nayo kabisa.

Mwenyewe alinieleza hivi: ukitaka mashine isome kadi yenye matundu au ichape mstari, unaiita kwa namba. Kila huduma ina namba yake. Sasa binadamu hawezi kukumbuka namba tupu, kwa hiyo wanaweka orodha juu ya programu: jina hili ni namba hii, jina lile ni namba ile. Pale kiwandani, mwenye orodha alikuwa yeye.

Mwaka juzi wazee fulani wa Ulaya wanaofufua kompyuta za kale walimtafuta wakampata. Mashine ya aina ile walikuwa nayo, na programu za kiwanda walikuwa nazo. Orodha hawakuwa nayo. Ilikuwa imebaki kichwani mwa baba tu.

Sijawahi kumwona baba na furaha kama ile. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo aliandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, wiki tatu nzima. Akanikabidhi daftari.

"Nakili kama ilivyo, mwanangu. Usiongeze, usipunguze."

Nilipoanza kuchapa nikaona namba hazifuatani. Mahali pengine ameruka. Mahali pengine majina mawili yana namba moja. Nikajisemea, mzee amechoka. Nikazinyoosha. Nikaziba mapengo, nikazitenganisha zilizofanana, zikakaa kwa mpangilio mzuri kuanzia juu mpaka chini.

Baba alikuwa barazani anamenya chungwa, hatua kumi kutoka nilipokaa. Sikumuuliza. Nikawatumia wale wazee.

Baada ya mwezi jibu likaja. Nilimsomea baba mimi mwenyewe. Walisema kwa upole kwamba majina ya mwanzo yamekubali, lakini baada ya hapo mashine inafanya mambo mengine kabisa. Wakaongeza kwamba miaka ni mingi, na mtu kusahau si ajabu.

Baba akauliza, "Ulinakili kama ilivyo?"

"Kama ilivyo, baba."

Neno hilo lilitoka kabla sijalifikiria. Niliogopa aibu ya kuonekana mwalimu mjuaji. Nikajiambia nitarekebisha kimyakimya na yeye hatajua kitu.

Usichokijua ni kwamba kaka yake baba, kule Mgeta milimani, alikufa akiwa amepoteza kumbukumbu. Alifika mahali anasahau njia ya shamba lake mwenyewe. Baba aliishi na hofu hiyo. Nilipomjibu vile, nilimthibitishia kwamba zamu yake imefika.

Wiki ileile akajiuzulu ukatibu wa msikiti. Akanikabidhi funguo za nyumba. Akaacha kwenda sokoni kwa kuogopa kupotea.

Halafu shangazi, dada yake baba, akashuka kutoka Mgeta. Kulikuwa na ugomvi wa mpaka kwenye matuta yake ya kabichi, na kati ya waliokuwepo siku mpaka unawekwa, aliyebaki hai ni baba peke yake. Kikao cha ukoo kilikuwa kinamsubiri.

"Kaka, twende ukaseme tu ulichokiona."

"Siwezi kuapa, dada. Kichwa changu kimeharibika."

"Kimeharibika lini? Juzi tu umenitajia mvua ya mwaka niliojifungua!"

Baba alitikisa kichwa tu. Nilikuwepo nimeshika sinia la chai. Ningeweza kusema. Sikusema. Shangazi alipanda mlima peke yake, na yale matuta wakapewa wengine.

Hapo ndipo nilipolifungua tena lile daftari. Ukurasa wa mwisho, baada ya orodha kuisha, ambao sikuwahi kuufikia, baba alikuwa ameandika: zilizorukwa ni huduma ambazo sisi hatukuwa nazo, zilizofanana ni kitu kimoja, watu wa zamu ya mchana walikiita hivi na wa zamu ya jioni vile.

Hakuwa amesahau hata moja.

Nikanakili upya, neno kwa neno, nikatuma. Wakajibu kwamba kila kitu kimekubali, mashine inachapa kama siku zile. Nikapiga magoti mbele ya baba nikamwambia yote, tangu chungwa mpaka sinia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishika kichwa.

"Ahsante, mwanangu. Najua unanipenda. Lakini usinidanganye ili nifurahi."

Nikamsomea barua yao. Akasema nimeitunga vizuri. Nikampigia simu mmoja wa wale wazee, wakaongea. Alipokata akasema, "Watu wastaarabu sana hawa. Wamekubali kukusaidia kunifariji." Nilimletea shangazi aje amthibitishie kwamba hajasahau kitu, naye pia hakumwamini. Shangazi naye, baada ya kunisikia, hasemi na mimi mpaka leo.

Siku hizi jirani akibisha hodi, baba ananinong'oneza, "Huyu namfahamu?" Anamfahamu vizuri sana, na jina la mama yake pia. Ila hajiamini tena. Daktari anasema kichwa chake ni kizima. Baba anaamini nimeongea na daktari kwanza.

Wewe unayesoma, kama umegusa kazi ya mtu ukidhani unamsaidia, kamwambie leo. Usingoje upate namna nzuri ya kusema. Mimi nilingoja miezi minne tu, na sasa ukweli ninao wote, na mtu niliyemkosea haupokei.