Mundu Katikati ya Vyura

Nilikuwa fundi wa sauti kwenye redio moja hapa Kigali, kazi niliyojifunza Mwanza, nilikokulia kabla wazazi wangu hawajarudi nyumbani. Siku za mapumziko nilirekodi vitu ambavyo redio haikuwa na haja navyo. Ndivyo nilivyoanza kwenda kwenye bonde la mafunjo chini ya Gahanga. Nilifika alfajiri, nikavua viatu, nikasimama kwenye matope na kinasa sauti changu, nikisikiliza vyura.

Kule nilimkuta mama mmoja mzee akikata mafunjo na mumewe, wasuke mikeka ya kuuza Kabuga. Utotoni aliishi Karagwe, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Mumewe hakuwa mtu wa maneno. Alininyooshea mundu wake kunisalimu, akaendelea na kazi.

Kiangazi kilichofuata mzee yule akafariki kwa ugonjwa wa kifua. Hata mwezi haujaisha, moto wa mtu aliyekuwa akisafisha shamba ukashuka bondeni. Mafunjo yakaungua siku mbili. Juu pakazimika, lakini chini pakaendelea, maana ule udongo mweusi wa majani yaliyooza, nyiramugengeri, ukishakauka huwaka kimyakimya kama makaa. Nilichomeka maikrofoni ardhini, nikavaa hedifoni. Nilitegemea kutosikia chochote. Nikasikia kitu kinapumua. Kinavuta, kinatulia, kinaachia. Niliichomoa haraka, waya wenyewe umeshapata moto, nikapanda kilima bila kugeuka.

Sauti zile nikazifanyia onyesho katika ghala tupu huko Nyakabanda, jirani na maseremala. Spika sita kuzunguka viti, madirisha nimeyaziba kwa mablanketi. Linaanza bonde likiwa hai, unafuata moto, halafu ile pumzi ya ardhini. Kabla sijawafungulia watu, Jumamosi moja mchana, nilimleta yule mama asikilize. Alikaa kiti cha katikati, mkoba mapajani.

Vyura walipoanza alitabasamu. Mara akainua kichwa, akageukia spika ya nyuma.

"Nani yuko pale?"

"Hakuna mtu, mama. Ni spika tu."

"Iko mtu anakata."

Nikatega sikio. Nilikuwa nimeirudia sauti ile siku nyingi mno na sikuwahi kuitambua: mundu, kwa mbali, chwa, chwa, kisha mtu akakohoa, kisha chwa tena.

"Mzee wangu," alisema polepole.

Nilitakiwa kuzima pale pale. Sijui kwa nini sikuzima. Moto ukaingia kutoka spika za mbele, mafunjo yakipasuka, ukazunguka chumba kama nilivyoupanga. Yule mama akasimama, mkoba ukaanguka, akapiga kelele akiielekea ile spika ya nyuma:

"Sohoka! Toka! Toka humo!"

Nilikimbilia mashine, nikaizima. Tulipotoka nje, maseremala walikuwa wamesimamisha misumeno wakitutazama. Nikamkalisha kwenye gogo, nikamletea maji. Hakuyanywa.

"Mwanangu," alisema, "yule amepumzika. Kwa nini unamrudisha kazini? Kila ukiwasha hiyo mashine yako anakata, halafu moto unamkuta."

"Sikujua kama yumo, mama. Nisamehe."

"Najua hukujua."

"Nimtoe?"

Aligeuka akautazama mlango wa ghala.

"Mtoe kwenye moto," alisema. "Lakini usimtupe."

Nilimkata siku ile ile, yeye akiwa ameketi nyuma yangu. Kipande chote kilikuwa kifupi kuliko nilivyofikiri. Nikakiweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Sijawahi kumuuliza kama ameisikiliza.

Onyesho lilifunguliwa, watu wakaja, wengine wakalia waliposikia ardhi inavyopumua. Mimi sikukaa ndani hadi mwisho hata siku moja. Nilijua mahali nilipounganisha. Nilijitahidi sana, lakini pale vyura wananyamaza ghafla, wote kwa pamoja, kisha wanaanza tena mmoja mmoja.

Msichana mmoja aliniuliza pale pametokea nini. Nikamwambia vyura ndivyo walivyo, hunyamaza mtu akipita.