Lori la Ndui

Nyie mama zangu mliojipanga kwenye benchi hili, sogeeni kidogo nipate pa kukaa. Huu mguu umechoka kuliko mwenyewe. Nesi hajafika, akifika atatukuta. Wewe mwenye kitenge cha kijani, nimekusikia unamwambia mwenzio, "Ni vipele tu, vya joto." Na mtoto anakohoa, macho mekundu kama amelala jikoni wiki nzima. Usinikasirikie, mwanangu. Mimi Projesti darasani sikuingia hata siku moja, shule nilikuwa napita nje nikipeleka ndizi. Ila vipele nilifundishwa, na vita ndiyo ilinifundisha.

Nilikuwa nakaa hapahapa Rwamishenye, mwaka ule tulipopigana na Uganda. Kijana. Baiskeli yangu ilibeba mikungu saba, na kilima kikizidi naibeba baiskeli na mikungu yake. Siku hiyo nilikuwa nakanyaga ndizi za olubisi, juisi yetu ya kutengenezea pombe. Miguu mitupu ndani ya mtumbwi wa mbao, nyasi katikati, juisi ndiyo kwanza inaanza kuchuruzika. Binti yangu Koku, miaka minne, kasimama pembeni na kikombe. Nikipumzika tu, "Tata, bado?" Namwambia bado. Nikikanyaga mara mbili, "Tata, na sasa?" Mke wangu Veneranda anamenya ndizi za mchana na kucheka. Koku alikuwa na mafua kidogo, macho yanatoa machozi. Nani anaangalia mafua ya mtoto siku ya kukamua?

Ndege ikapita. Ilipita chini mpaka jogoo wangu akalala kifudifudi. Halafu ardhi ikaruka. Miaka yote nimewaambia watu kwamba bomu lile liliivisha ndizi za mtaa mzima kwa mshtuko. Kweli yenyewe ni kwamba vioo vya duka la jirani vilianguka vyote, na mtumbwi wangu ukapinduka.

Koku hakulia. Aliangalia ndani ya kikombe.

Tukaondoka.

Barabara ya kwenda Muleba ilijaa watu kama siafu wamemwagiwa maji. Wanajeshi wetu wanapanda kaskazini kwa magari, sisi tunashuka kusini kwa miguu, na hakuna anayempungia mwenzie. Mzee mmoja alibeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Nikamuuliza, "Ta, mlango wa nini?" Akasema, "Wakifika wasipate pa kubisha." Watu wakacheka kidogo. Halafu mizinga ikalia nyuma yetu, tukaongeza hatua.

Tulilala kwenye migomba ya watu mara mbili. Koku akapata homa. Nilimbeba mgongoni, yuko moto kama chungu kilichotoka mafigani, anakohoa kwenye shingo yangu. Asubuhi ya tatu nikaona vipele nyuma ya masikio na kwenye paji la uso. Nikasema vumbi. Nikasema joto. Kama wewe, mwanangu, nilisema joto.

Jioni ile lori la kahawa likasimama. Limejaa wanawake na watoto mpaka juu. Nikashika ubao, utingo akanipiga teke vidole.

"Hakuna nafasi, mzee. Hata ya sindano!"

Nina miaka ishirini na kitu, ananiita mzee. Ndivyo nilivyokuwa nimechoka.

Lori likaanza kuondoka.

Veneranda akakaa chini, katikati ya barabara.

Nikamnyanyua Koku juu, uso wake wauone wote, nikapiga kelele: "Ndui! Mtoto wangu ana ndui!"

Nyie ndui hamuijui. Bahati yenu. Wakati ule kila kijiji kilikuwa na mtu mwenye uso wa mashimo, na kila ukoo una makaburi yake. Lile lori lilimwagika. Watu walishuka pande zote, wengine walishukia kichwani kwa utingo. Mama mmoja, Ma Anastela wa huku mjini, alitupa wanawe wanne kwenye majani kama anatupa mikungu, wa tano akaruka mwenyewe. Dereva akapandisha vioo akakanyaga mafuta. Alidhani anatukimbia. Kumbe sisi watatu tumesharukia nyuma. Alipotuona tunashuka Kamachumu, alikimbia yeye, akaliacha lori linaunguruma peke yake.

Nilicheka njia nzima. Veneranda hakucheka.

Kamachumu wakimbizi walipewa madarasa ya shule. Sisi, habari zilishasambaa, tukapewa banda la kahawa ng'ambo ya migomba. Chakula wanakiweka mbali kwenye jani, wanagonga debe, wanakimbia. Usiku wa kwanza nilijiona mfalme. Wenzetu wamelaliana darasani, mimi nina banda zima na upepo wake.

Kulipokucha vipele vilikuwa vimeshuka shingoni na kifuani. Kesho yake vikafika miguuni. Kikohozi kikawa kizito, macho yakagandana kwa tongo. Nikasimama mwisho wa migomba nikamwita dresa wa zahanati. Akaja akasimama mbali, kaziba pua kwa shati.

"Ana vipele?"

"Anavyo!"

"Vilianzia usoni?"

"Usoni!"

"Basi ni ndui hiyo. Kaeni hukohuko!"

"Dresa, nilidanganya! Nilikuwa nataka lori!"

"Wote wenye ndui wanasema hivyo!"

Nikapiga hatua moja kumfuata. Wanaume wawili nyuma yake wakaokota mawe.

Nikarudi.

Tukamfunika Koku mablanketi, tukafunga mlango, tukamnyima maji baridi. Tulidhani joto litatoa ugonjwa nje. Hakuna aliyetuambia vingine, maana hakuna aliyekuja.

Siku ya nne mlango ukasukumwa. Bibi mmoja wa pale kijijini, Ma Leonida, uso wote mashimo kama njia ya ng'ombe baada ya mvua. Hakupiga hodi.

"Mnaniangalia nini? Mimi na ndui tumelala kitanda kimoja. Tumeachana, hainitaki tena."

Akafungua mlango wazi, akatupa mablanketi pembeni. Akashika viganja vya Koku, akavigeuza kwenye mwanga. Akatazama nyayo.

"Mbona visafi? Ndui inakaa viganjani na nyayoni. Inaota migumu, kama maharage chini ya ngozi, na yote yanaiva siku moja. Haya ni mabaka. Pitisha kidole, kuna usaha hapo?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi ni tetekuwanga?" Veneranda akauliza.

"Tetekuwanga ingekuwa na maji na ingemuwasha. Hili linakauka, lile linaota, na mtoto yuko nje anajikuna anacheza. Huyu anacheza? Kabla ya vipele alikuwa na nini?"

"Mafua. Na kikohozi, na macho."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Nne."

Akamfungua mdomo, akaangalia ndani ya mashavu, akaufunga taratibu.

"Waitu, hii ni surua. Alihitaji maji, na uji, na mtu wa kuwahi hiki kifua. Nani aliwaambia ni ndui?"

Veneranda akaniangalia.

Ma Leonida alimleta dresa kwa kumshika kola. Dresa akaweka sikio kifuani kwa Koku, akakaa nalo pale muda mrefu. Akasema kifua kimeshaingiwa. Dawa nyingi zimepelekwa kwa wanajeshi walioumia, yeye amebakiwa na sindano moja. Akamchoma hiyo moja. Akaniambia, "Ningekuja ile siku, ndugu yangu."

Saa sita mchana Koku akaacha kukohoa. Tukafurahi, kwa muda mfupi sana.

Hapa siongezi kitu. Alikuwa mwepesi.

Sisi Wahaya mtu akifa analala kwenye kibanja chake, karibu na babu zake, ili hata migomba imjue. Wangu alilala kwenye kibanja cha watu, Kamachumu, kwa hisani. Vita ilipoisha nilirudi Rwamishenye, nikakuta nyumba imesimama, mtumbwi uko pale ulipopindukia. Watu wananiuliza vita ilikuchukulia nini. Bomu halikunigusa. Adui kwa macho sikumwona hata mmoja. Nimepima miaka yote hii, nikiwa nakunywa na nikiwa nalima: nisingepiga ile kelele, tungebaki barabarani, labda angefia njiani. Na labda dresa angekuja siku ya kwanza. Veneranda alikufa bila kuniambia yeye alipima vipi, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Siku ya mazishi wale wa kwenye lori wakaja. Walishafika kwa miguu, wamelala shuleni siku hizo zote, na sasa wamesikia haikuwa ndui. Nikajua wamekuja kunipiga. Nilitaka wanipige. Wakakaa kwenye majani, watoto mapajani. Ma Leonida akapita kwa mmoja mmoja, anawashika watoto paji la uso, anawafunua macho, anauliza, "Huyu anakohoa? Na huyu?" Hakohoi. Hakohoi. Akawamaliza wote, akarudi akakaa karibu na Veneranda.

"Hakuna hata mmoja," akasema. "Mngepanda na yule mtoto mpaka huku, mmebanana vile, leo tungekuwa tunachimba mashimo mpaka jioni."

Mimi naangalia udongo. Ndipo Ma Anastela, kawakumbatia wale watano wake, neno likamtoka kwa sauti kubwa kabla hajajizuia:

"Ta Projesti, uongo wako ndiyo chanjo pekee waliyopata wanangu mwaka huu!"