Kiangazi Bamama wa Mtaa Walipocheza Mpira

Kiangazi kile, barabara yetu mjini Baraka, kando ya ziwa, ilikauka hadi vumbi likawa laini kama unga wa muhogo. Shule zilikuwa zimefungwa, nami mwalimu sikuwa na daftari la kusahihisha. Alasiri, upepo wa ziwani ukianza kupoza joto, mtaa mzima ulitoka nje. Wengine walisukana nywele, wengine waligeuza ndakala, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikauka juani, na vijana walicheza mpira katikati ya njia mpaka pikipiki zikakosa pa kupita.

Siku moja jirani yangu, muuza maandazi, akapaza sauti: “Juu ya nini kila siku batoto tu? Na sisi bamama tucheze!”

Tukacheka. Lakini kesho yake wanawake wa upande wa ziwa wakatuma habari kwamba wako tayari kutufunga sisi wa upande wa soko. Hapo mzaha ukaisha. Tulijihesabu, tukawa kumi, na hakuna hata mmoja aliyekubali kukaa golini.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu aliishi mama aliyekimbia Burundi miaka michache kabla. Alikuwa mkulima, mpole. Alitusalimia kila asubuhi akienda shambani, lakini hakuwahi kukaa nasi. Muuza maandazi akamfuata mlangoni.

“Mama, tusaidie. Tunakosa muntu wa kusimama mu gole.”

“Mi niko na myaka makumi tano,” akajibu.

“Mi niko na makumi tano na mbili, na nitakimbia!”

Akaingia ndani. Tulidhani amekataa. Kumbe alitoka amevaa suruali ya mumewe, kitenge amekikaza kichwani, akauliza gole iko wapi.

Jumamosi watu walijaa pande zote mbili za njia. Mimi nilianguka mara tatu kabla sijaugusa mpira. Kisha muuza samaki mmoja wa upande wa ziwa, mzaliwa wa Kazimia, mwenye miguu kama mitwangio, akawa peke yake mbele ya gole letu. Akaupiga kwa nguvu zote. Yule mama akajirusha, akaanguka na mpira kifuani.

Mtaa ukalipuka kwa vigelegele. Mama akainuka mweupe kwa vumbi, akacheka kicheko kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

“Nilikuwa nachunga mbuzi nikiwa mutoto,” akasema. “Mupira hautoroki sawa mbuzi!”

Tulifungwa mawili kwa moja, na waliotushinda wakatuletea sufuria nzima ya mihogo na samaki. Tukala pamoja, matope ya jasho na vumbi yakitukaukia usoni.

Tangu hapo mama yule hakupita tu na salamu. Alikaa, akasukwa nywele, akatuzoeza kila alasiri hadi vakanse ya shule ikaisha. Mimi ndiye niliyemchosha zaidi.

“Mwalimu!” alinipigia kelele mbele ya wanafunzi wangu. “Usifunge macho mupira ikikuya kwako!”